Mafundi wa Kisiwa

Mchanga wa Maldivi ni mweupe, na hauchomi unyayo hata jua likiwa la utosini. Ukichota ukufi mmoja na kuusogeza karibu na jicho, utaona punje zake hazifanani. Moja ni duara na laini; nyingine ni bapa, ina vitundu; nyingine bado ina wekundu wa kiumbe ilikotoka. Hakuna hata moja iliyoporomoka kutoka mlimani au kuletwa na mto, kwa kuwa Maldivi haina mlima wala mto. Karibu kila punje iliwahi kuwa sehemu ya kiumbe hai wa baharini. Kiumbe huyo alikua, akafa au akatafunwa, na mabaki yake yakawa nchi.

Nchi yenyewe ni visiwa 1,190 hivi, vilivyotawanyika katika Bahari ya Hindi kwa urefu wa takriban kilomita 870 kutoka kaskazini hadi kusini. Ukivikusanya vyote pamoja, nchi kavu haizidi sana kilomita za mraba 300, na sehemu kubwa yake iko chini ya mita moja kutoka usawa wa bahari. Visiwa vingi vimejengwa na bahari na viumbe vyake. Vichache vimejengwa na watu, wengi wao wangali hai. Mafundi hawa wawili wanatumia malighafi moja, na kazi yao inastahili kufuatwa hatua kwa hatua, kuanzia msingi.

Msingi ulianza kwa moto. Makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, volkeno zilichomoza kutoka sakafu ya bahari, zikapoa, kisha zikaanza kudidimia taratibu kwa uzito wao. Matumbawe yalikuwa yameshika kwenye mbavu zake. Kwa kuwa tumbawe linahitaji mwanga, kila mlima ulipozama kidogo, matumbawe yalipanda kidogo, yakijenga juu ya mifupa ya yaliyotangulia. Mlima ukazama usionekane tena, na mwamba wa matumbawe ukabaki umezunguka mahali palipokuwa na kilele: hiyo ndiyo atoli. Charles Darwin aliieleza hesabu hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1842. Katika miaka ya 1970, kisima cha kutafuta mafuta kilichochimbwa Maldivi kilipita kwenye zaidi ya kilomita 2 za mawe ya chokaa kabla ya kugusa jiwe la volkeno. Ardhi ya mita moja inakaa juu ya msingi wa kina hicho.

Fundi wa msingi huo ni mnyama mdogo ambaye mara nyingi upana wake ni milimita chache tu. Hukaa mahali pamoja maisha yake yote. Anatwaa kalsiamu iliyoyeyuka katika maji ya bahari na kuilaza chini yake ikiwa chokaa ngumu, halafu anajiinua kidogo, anaweka sakafu mpya, anaendelea. Ndani ya mwili wake anafuga mwani wa hadubini ambao unageuza mwanga kuwa chakula na kumlipa kodi ya makazi. Usiku hunyoosha mikono yake kuvua vijidudu vinavyopita. Tumbawe la mabonge huongezeka kwa takriban sentimita moja kwa mwaka. La matawi linaweza kupita sentimita kumi. Kwa hiyo bonge la tumbawe lenye kimo cha mita mbili ni kazi ya miaka mia mbili, isiyo na siku ya mapumziko.

Lakini mwamba si kisiwa. Mwamba uko chini ya maji, na mawe yake yameshikamana. Ili pawe na ufuko, jiwe lazima lisagwe. Kazi hii ina mtaalamu wake, na watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki wanamfahamu vizuri: pono.

Mwangalie anavyofanya. Anakuja mwambani asubuhi, rangi zake za kijani na samawati zikimeta, anasimama mbele ya jiwe lililofunikwa na mwani na kulikagua kwa jicho moja. Kisha anauma. Mlio wa meno yake juu ya jiwe unasikika majini, mkavu na mfupi. Anarudi nyuma, anasogea hatua chache, anauma tena. Anachotafuta ni mwani na vijidudu vilivyojificha ndani ya jiwe, lakini hawezi kuvipata bila kubandua jiwe lenyewe, na kila alipouma huacha mkwaruzo mweupe. Meno yake yameungana yakawa mdomo mgumu wenye umbo la mdomo wa kasuku. Katika aina moja iliyochunguzwa kwa makini, mdomo huo ulikuwa na meno yapatayo 1,000, yamepangwa safu kumi na tano hivi, moja nyuma ya nyingine. Ya mbele yakichakaa yanadondoka, ya nyuma yanashika nafasi. Chombo kinanolewa papo hapo kazini.

Jiwe likishamezwa, hukutana na seti ya pili ya meno, ndani kabisa ya koo. Bamba la juu na bamba la chini husuguana kama jiwe la kusagia nafaka na mwenziwe, na vipande hutoka hapo vikiwa unga na punje. Utumbo huchukua chakula chake. Kinachobaki hutolewa nyuma, wingu jeupe linaloning'inia majini kwa muda mfupi kisha linatua chini. Huo ndio mchanga. Pono mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka mmoja. Watafiti waliopima uzalishaji huo kuzunguka kisiwa cha Vakkaru huko Maldivi, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015, walikuta kwamba zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya wa mahali pale ulitoka kwa pono. Sehemu kubwa ya uliobaki ilitoka kwa mwani wa halimeda, ambao hujenga vibamba vya chokaa katika majani yake na kuviacha unapokufa.

Tunasema mtu amelala usingizi wa pono, na msemo huo una haki yake. Jua likitua, baadhi ya pono hujiingiza katika mwanya wa mwamba, hujifunika utando wa ute walioutoa wenyewe, na kulala usingizi mzito. Ila anayewacheka kwa usingizi wao hajawaona mchana. Kutoka asubuhi hadi jioni hawaachi kuuma. Bandu bandu huisha gogo, wasema wahenga, na kwa pono bandu bandu hiyo ndiyo inayojaza ufuko.

Hatua ya tatu ni ya uchukuzi, na mchukuzi ni wimbi. Mawimbi makubwa ya bahari kuu hufika kwenye ukingo wa mwamba, yanavunjika, yanapoteza nguvu zake nyingi pale pale. Kinachovuka ni maji yaliyopungua kasi, yanayotiririka juu ya uwanda wa mwamba yakiwa yamebeba mchanga. Njiani yanapanga mzigo. Kokoto nzito huangushwa mapema, karibu na ukingo. Mchanga husafiri mbele zaidi. Unga laini kuliko wote huvuka hadi kwenye wangwa, maji yaliyozungukwa na mwamba, na kukijaza kina chake. Mawimbi yanapouzunguka mwamba kutoka pande mbili, hukutana mahali fulani upande wa pili, yanasukumana, yanatulia, na hapo mchanga unawekwa chini. Leo unawekwa, kesho sehemu inachukuliwa, keshokutwa unawekwa tena. Likitokea fungu la mchanga ambalo bamvua haliwezi kulifunika, kisiwa kimeanza.

Visiwa vingi vya Maldivi vilivyochunguzwa vilijengeka kwa namna hii miaka ipatayo 5,000 iliyopita. Baada ya fungu kuinuka, ndege walitua na kuacha mbolea. Mbegu zilifika kwa maji: mnazi, mkadi, mkungu, mtondoo. Mimea inayotambaa ilishika mchanga kwa mizizi, upepo ukaleta mchanga zaidi na kukuta pa kuuegesha. Mvua ikanyesha na kunywea chini. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo yalielea juu ya maji ya chumvi ndani ya mchanga wenyewe, yakafanya tabaka la maji matamu, nene katikati ya kisiwa na jembamba kando. Kwa karne nyingi watu wa Maldivi wamechimba visima vifupi kufikia tabaka hilo. Kisiwa kilipopata maji kilipata watu.

Mtu angedhani kazi imekwisha hapo. Haijaisha. Katika mojawapo ya atoli za kaskazini, watafiti walipima ufuko wa visiwa kadhaa kwa misimu, wakaona mchanga unahama. Kusi inapovuma na kusukuma mawimbi kutoka magharibi, mchanga unauzunguka ufuko na kujilundika mashariki. Kaskazi ikishika, unarudi. Ni pepo zilezile zilizopeleka na kurudisha majahazi kati ya pwani yetu, Uarabuni na Bara Hindi. Mwenye nyumba ufukweni anaweza kuona mita nyingi za mchanga mbele ya mlango wake zikienda, na miezi michache baadaye zikarudi. Mgeni angeita huo mmomonyoko. Kwa kweli kisiwa kinajipanga upya kulingana na upepo wa msimu, na kuhama huko ndiko kunakokifanya kidumu.

Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliyozaliwa karibu na Sumatra ilipita juu ya visiwa hivi. Zaidi ya watu 80 walikufa, na maelfu walipoteza makazi. Watafiti waliporudi kwenye visiwa visivyokaliwa walivyokuwa wamevipima kabla ya maafa hayo, walikuta kingo zimeliwa. Lakini walikuta pia kwamba maji yamebeba mchanga kutoka ufukweni na kuutandaza juu ya kisiwa, tabaka jipya kwenye matuta yake. Kisiwa kisicho na ukuta wala nyumba kilipoteza kidogo kando na kuongezeka kidogo kimo. Kwa watu lilikuwa janga. Kwa mchanga ilikuwa siku moja zaidi ya kazi iliyoanza miaka 5,000 nyuma.

Fundi wa pili aliingia kazini kwa sababu ya haja ya watu. Mji mkuu, Malé, uko kwenye kisiwa cha takriban kilomita mbili za mraba, nao ulijaa. Mwanzoni watu walijaza kando za kisiwa chenyewe, wakafunika uwanda wa mwamba mpaka karibu na ukingo wake. Eneo liliongezeka, ila uwanda ule ndio uliokuwa ukiyachosha mawimbi. Aprili 1987 mawimbi marefu kutoka kusini yalifika na kuukuta mji umesogea hadi mahali yalipozoea kuvunjikia. Sehemu ya mji ilifunikwa na maji. Baadaye Malé ilizungushiwa ukuta, kwa msaada wa Japani, na mbele yake vikapangwa vipande vya zege vyenye miguu minne vinavyoshikana na kulivunja wimbi kabla halijafika. Ukuta ulifanya kazi ambayo zamani mwamba uliifanya bila malipo.

Somo hilo lilikuwa linafahamika Hulhumalé, kisiwa cha kutengenezwa na watu, ilipoanza kujengwa, Oktoba 1997, kwenye maji mafupi kaskazini ya kisiwa cha uwanja wa ndege. Awamu ya kwanza ilikuwa hekta 188, na wakazi walianza kuhamia mwaka 2004. Awamu ya pili, iliyokamilika mwaka 2015, iliongeza takriban hekta 240 kwa mita za ujazo zipatazo milioni 6 za mchanga. Gawa mchanga huo kwa eneo hilo: unapata kimo cha mita mbili na nusu kila mahali. Ardhi ilisawazishwa ikae takriban mita mbili juu ya bahari, juu kuliko visiwa vingi jirani.

Kazi ya namna hii huanza na vipimo. Wapima huvuka wangwa kwa mashua, mstari baada ya mstari, chombo cha mwangwi kikiandika kina cha kila mahali. Wengine hutoboa sakafu na kutoa sampuli ndefu za mchanga. Wanazichunguza kwa macho, kwa vidole, kwa chekeche. Mchanga wenye punje kubwa unatakiwa, kwa sababu hauhifadhi maji na hushindilika vizuri. Tope laini linakataliwa, maana jengo litakalokaa juu yake litadidimia. Katika hatua hii hakuna cha kupigia picha, lakini ndiyo hatua inayoamua kama kisiwa kitasimama.

Kisha meli ya kufyonza mchanga hushusha bomba pana hadi chini. Kichwa kizito kilicho mwishoni mwa bomba huburuzwa polepole, na pampu hufyonza mchanga na maji pamoja. Kwenye chumba cha uendeshaji kuna mtu ambaye kazi yake yote ni kulinda uwiano. Mchanga ukizidi, bomba linaziba. Maji yakizidi, meli inachoma mafuta kubeba bahari na kuirudisha baharini. Mikono yake husogeza kichwa juu sentimita chache, chini sentimita chache, macho yakiwa kwenye mishale ya vipimo, masikio kwenye mngurumo wa pampu. Fundi mzoefu hujua kwa sauti kwamba ameingia kwenye kokoto kabla mshale haujamwambia.

Tumbo la meli likijaa, meli huunganishwa na bomba linaloelea hadi eneo la kujaza, na mzigo husukumwa ufukweni. Mdomoni mwa bomba mchanga hufanya kile ulichokifanya siku zote mbele ya wimbi: mzito hutua karibu, mwepesi husafiri. Ndiyo maana wafanyakazi hawaachi mdomo mahali pamoja. Wanaongeza kipande cha bomba, wanakigeuza, wanaongeza kingine, huku matingatinga yakisukuma na kusawazisha. Maji yanaelekezwa kwenye bwawa la kutulia ili tope lizame kabla hayajarudi baharini, na mapazia ya kitambaa hutundikwa majini kuzuia wingu lisisambae. Hapa uangalifu una uzito wa uhai. Tope likitua juu ya tumbawe huliziba pumzi na kulinyima mwanga, na fundi mmoja atakuwa ameua fundi mwingine.

Baada ya kujaza, mchanga unashindiliwa. Magari mazito hupita na kurudia. Penye mahitaji, vyuma vinavyotetema hushushwa chini ili punje zijipange karibu zaidi. Wahandisi husukuma fimbo ya chuma yenye ncha ya pia ardhini na kusoma upinzani wake kila inapoteremka. Palipo laini panarudiwa. Halafu wanasubiri ardhi itue. Katika mradi wenye tarehe na madeni, kusubiri ni sehemu ngumu ya ufundi.

Mwisho ni ukingo. Mteremko hunyooshwa, unatandikwa kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia mchanga, juu yake mawe madogo, juu yake makubwa. Jiwe kubwa haliangushwi tu. Mwendesha kijiko hulishika, hulisogeza, huligeuza, hulijaribisha upande mmoja, hulitoa, hulijaribisha upande mwingine, mpaka likae katikati ya wenzake lisitikisike. Halafu anafuata lingine. Ukingo mzuri hauonyeshi kazi hiyo. Unaonekana ni mawe yaliyorundikwa tu, mpaka siku wimbi kubwa linapofika na hakuna jiwe linalosogea.

Ninauheshimu ufundi huu. Leo makumi ya maelfu ya watu wanalala Hulhumalé, watoto wanasoma shule zilizojengwa mahali palipokuwa na maji, na tangu mwaka 2018 daraja linakiunganisha kisiwa cha uwanja wa ndege na Malé. Lakini kisiwa kilichofungwa kwa mawe hakiwezi kuhama na kusi na kurudi na kaskazi. Hakiongezwi mchanga na pono. Kila kitakachopungua, mtu atalazimika kukirudisha. Fundi wa pili hujenga haraka kisha anakabidhi funguo. Fundi wa kwanza hajawahi kuondoka kazini.

Ndiyo maana jaribio lililoanza Maldivi mwaka 2019 linanivutia. Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, wakishirikiana na shirika la Invena la huko huko, wanalaza chini ya maji maumbo maalumu yanayobadilisha mwendo wa mawimbi ili mchanga ujikusanye wenyewe mahali panapotakiwa. Wanapima, wanabadilisha umbo, wanasubiri msimu upite, wanapima tena. Hawachimbi wala hawasukumi. Wameamua kujifunza kwa mchukuzi wa zamani kabla ya kumpa amri.

Fundi wa kwanza naye yumo hatarini. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa sana ya matumbawe ya maji mafupi ya Maldivi, na mwaka 2016 yalipauka tena. Pono wanaweza kuendelea kusaga mifupa ya tumbawe lililokufa, lakini bila tumbawe hai akiba hiyo haina wa kuijaza.

Hili linatuhusu hata sisi tusiokaa kwenye atoli. Miamba ya Mafia, ya Chumbe na ya pwani nzima ina pono wanaofanya kazi hiyohiyo, na sehemu ya mchanga wa fuo zetu imepita kooni mwao. Chumbe imehifadhiwa tangu mwaka 1994, na Mafia ina hifadhi ya bahari tangu 1995. Nje ya maeneo kama hayo pono huishia kwenye dema na nyavu. Wavuvi wana haki ya kitoweo chao, na ndio wanaoujua mwamba kuliko yeyote. Ila pono mkubwa, yule anayesaga zaidi ya wenzake, ana thamani pale mwambani isiyoonekana kwenye mizani ya sokoni. Maldivi imetumia meli, mabomba na mamilioni ya mita za ujazo za mchanga kujua gharama ya kufanya kazi yake. Tukimwacha, ataendelea kuifanya kesho asubuhi.